Nyota tano kwa kila kitu: miezi minne ndani ya programu ya hadithi za kulipia

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo: nyota mbili kati ya tano. Programu yenyewe sitaitaja jina, maana baadaye nilijaribu nyingine mbili nikakuta ni watoto wa baba mmoja. Ukiijua moja umezijua zote. Hadithi ndefu zimekatwa sura fupi fupi, sura kumi za mwanzo ni bure, kuanzia ya kumi na moja unafungua kwa sarafu ambazo ama unazinunua ama unapewa chache chache kwa kutazama matangazo. Nimelipia miezi minne mfululizo, kwa hiyo ninayoyasema ni ya mtu aliyelala ndani ya nyumba, hakuchungulia dirishani tu.

Vizuri vyake nivimalize mapema. Maandishi yanakuzwa upendavyo, rangi ya usiku haichomi macho, ukizima simu katikati ya aya utairudia pale pale, na sura ulizokwisha kufungua zinasomeka hata bila intaneti. Mafundi walioijenga wanajua kazi. Ningependa kusema hivyo hivyo kuhusu kilichomo ndani.

Hadithi ya kwanza niliyoifungua ilikuwa namba moja kwenye orodha, na sura zake zilipita 300. Msichana maskini anammwagia kinywaji mwanamume asiyemjua. Mwanamume anageuka kuwa tajiri mwenye kampuni, ila kampuni yenyewe haijulikani inatengeneza nini, na hakuna siku hata moja aliyoonekana akifanya kazi. Anakunja uso. Anakunja uso sura nne nzima. Sura ya tano anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na kwenye maoni watu wanapiga vigelegele utadhani harusi imefungwa. Baada ya hapo kuna mkataba wa ndoa ya uongo, pacha aliyepotea utotoni, ajali ya gari, na mtu kupoteza kumbukumbu. Nilidhani nimekutana na hadithi moja mbaya. Nikafungua ya pili kwenye orodha: mkataba, pacha, ajali, kumbukumbu. Ya tatu haikuwa na pacha, nikaifurahia kwa muda, mpaka sura ya 48 alipojitokeza.

Si visa vinavyojirudia vilivyonichosha zaidi. Visa vimekuwa vikijirudia tangu watu waanze kusimuliana. Hata ngano tulizolishwa utotoni zina sungura yule yule na fisi yule yule, na hatukuchoka. Kilichonichosha ni kupigwa danadana. Angalia mazungumzo yanavyokwenda humo. Haya nimeyabuni mwenyewe kwa mfano, lakini aliyesoma hata wiki moja atayatambua:

"Naondoka."

"Unasemaje?"

"Nimesema naondoka."

"Yaani unaondoka?"

"Ndiyo. Naondoka."

Akanyamaza. Hakuamini masikio yake. Anaondoka?

Hapo skrini nzima imekwisha na mtu bado hajaondoka. Sababu yake si ya kisanaa. Mwandishi analipwa kwa sura zinazofunguliwa, basi safari ya kutoka kitandani mpaka mlangoni inagawanywa mara tatu, na kila kipande kinaishia mtu akishtuka. "Alipogeuka, hakuamini alichokiona!" Unalipa sarafu, unafungua, unakuta aliyeonekana ni paka. Kisha sura mpya inaanza kwa kurudia aya mbili za mwisho za sura iliyopita, neno kwa neno, na nazo umezilipia mara ya pili.

Usiku mmoja nilikaa nikahesabu maneno. Ndiyo, nilifika huko. Kwenye ile hadithi namba moja, sura za mwanzo, zile za bure, zilikuwa na maneno kama 1,500 kila moja. Sura za katikati zilishuka hadi 900 hivi. Kufika sura ya 200 nilikuta yenye 640, na 110 kati ya hayo ni marudio ya sura iliyotangulia. Sarafu ni zile zile. Tangu shule ya msingi nimekuwa nikiandika kwenye insha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, bila kufikiria nasema nini. Humu nilimwona mgema mwenyewe kazini: kadiri sifa zilivyomiminika kwenye maoni, ndivyo maji yalivyoongezeka, na walevi tukazidi kusifu.

Nije kwenye hayo maoni, maana ndiko hasira zangu zilikolala.

Kwenye hadithi ya pili kuna mama mzazi wa msichana. Anafariki sura ya 9. Anazikwa, watu wanalia, msichana anaapa kaburini. Sura ya 62 msichana yuko kwenye matatizo, anapiga simu, na anayepokea ni mama. Si ndoto wala mzimu, na hakuna siri iliyofichuliwa. Mama amepokea simu, ametoa ushauri mzuri tu, amekata. Mwandishi alisahau kwamba amemuua. Nikashuka kwenye maoni nikitarajia kukuta moto unawaka. Nilikuta mamia ya watu wameandika "shusha nyingine", "umetuacha na arosto", "mwandishi una kipaji cha ajabu". Kwenye kundi lote lile mmoja tu ndiye aliyeuliza, kwa adabu kabisa, "Samahani, mama si alifariki?" Wakamwangukia kama nyuki. Mmoja akamwambia asome kwa kustarehe. Mwingine: kama hupendi, usisome. Mwingine akasema huyo ana wivu, aandike yake tuone. Na mtu mmoja alijibu kwa utulivu mkubwa: "Labda ni mama mwingine." Hilo jibu nililicheka mpaka nikakohoa, kisha nikakaa muda mrefu nimeshika simu bila kusoma chochote.

Nikaandika tathmini yangu ya kwanza. Nilitoa nyota mbili na maneno ya kawaida tu: kisa kinavuta lakini kimetanuliwa mno, wahusika hawana kumbukumbu, mwandishi angehitaji mhariri. Ndani ya saa moja nilikuwa nimeitwa majina ambayo mama yangu hakunipa.

Kwa muda nilikuwa na jibu rahisi: wasomaji ni watu wa bora liende, wapewe chochote watameza. Jibu hilo lilinipa raha kwa kama wiki mbili. Lilianza kupwaya nilipoangalia jinsi nyota zenyewe zinavyokusanywa.

Programu haikuombi nyota unapokuwa umechoka. Inakuomba mwisho wa sura, pale pale mtu amegeuka na hakuamini alichokiona, mapigo ya moyo yako juu. Kidirisha kinatokea, na ukibonyeza unaongezewa sarafu tatu. Nani atatoa nyota mbili huku anataka kujua nyuma ya mlango kuna nani? Halafu jiulize ni nani aliyebaki kupiga kura. Aliyechoshwa sura ya 15 ameshaondoka zake na hakuacha neno. Aliyechoshwa sura ya 40 vivyo hivyo. Wanaofika sura ya 200 ni wale tu wanaoipenda hadithi, au wale ambao wameshatumia sarafu nyingi kiasi kwamba kuacha kunauma. Ukiwauliza hao, jibu lake ni tano. Kwa hiyo ile hesabu inayong'aa kwenye orodha haisemi wasomaji wameipenda hadithi kiasi gani. Inasema waliobaki wamebaki.

Na mfumo wa mapendekezo unaitegemea hesabu hiyo. Hadithi yenye watu wanaofungua sura haraka haraka inasogezwa juu, ikisogezwa juu inapata watu zaidi, na waandishi wengine wanaiangalia wanasema, kumbe ndivyo inavyotakiwa. Kesho yake pacha aliyepotea anaingia kwenye hadithi ambayo haikuwa na haja naye. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Humu kibaya hakina haja hata ya kujitembeza. Kinabebwa mgongoni na mashine, kinaletwa mpaka kwenye mto wako saa tano usiku kwa arifa yenye alama ya moyo.

Kuna rafiki yangu msomaji mkubwa ambaye, nilipomlalamikia, alinijibu kwa kifupi: ulitegemea nini, hadithi za mapenzi ndivyo zilivyo. Hapo ndipo tulipoachana kimawazo. Sina ugomvi na hadithi nyepesi. Nimesoma za upelelezi tangu nikiwa mdogo, na za mapenzi nazipenda kuliko ninavyokiri mbele ya watu. Malalamiko kuhusu vitabu vya kupendwa na wengi ni ya kale, na aliyeyaandika vizuri kuliko wote alijua tofauti hii. Mwaka 1605 Cervantes, mwandishi wa Kihispania, alimtoa Don Quixote, mzee aliyesoma riwaya za mashujaa wapanda farasi usiku na mchana mpaka akili ikamruka. Watu hukumbuka kwamba kasisi na kinyozi waliingia kwenye maktaba yake wakachoma vitabu. Wanasahau kwamba walikaa wakavichambua kimoja kimoja. Kasisi alitaka kitabu cha shujaa Amadís de Gaula kiende motoni kwa kuwa ndicho kilichoanzisha balaa lote. Kinyozi akakitetea, kwamba katika aina yake hakuna kilichoandikwa vizuri kuliko hicho. Kikaachwa. Yaani hata kwenye kitabu kilichoandikwa ili kuzicheka hadithi za aina hiyo, iliyoshonwa vizuri ilitengwa na iliyoshonwa ovyo. Mimi ninachokiomba ni kinyozi mmoja tu ndani ya hii programu.

Sasa niseme la aibu, kwa sababu tathmini isiyo na la aibu ni tangazo.

Kuna ukurasa kwenye programu unaoitwa safari yako ya usomaji. Sikuwa nimewahi kuufungua. Nilipoufungua mwezi wa tatu ulinionyesha kwamba nimesoma sura 612. Mimi, mchambuzi, mhesabu maneno. Saa ninazosoma zaidi ni kati ya saa sita na saa nane usiku. Hadithi niliyosoma kwa muda mrefu zaidi ni ile ile ya tajiri wa kukunja uso: sura 231. Nilijaribu kukumbuka jina la msichana nikashindwa. Sura 231, na jina sikulijua! Nilijua amepoteza kumbukumbu mara mbili, na kwa jinsi nilivyokuwa nilistahili na mimi kuhesabiwa ya tatu. Na kwa mashine ile, sura zangu 231 zilikuwa ni kura 231 za ndiyo. Haikujua kwamba nilikuwa nikisonya. Kusonya hakuhesabiwi popote.

Mdogo wangu wa kike anaitumia programu hiyo hiyo na haisumbuki roho yake. Nilimuuliza anapata nini humo. Akanijibu bila kuacha kusoma, "Kaka, mimi narudi nyumbani kichwa kimejaa. Sitaki mtu anifikirishe. Nataka nijue tu kama watafunga ndoa."

"Na mama aliyefufuka?"

"Mama gani?"

Sikuendelea. Ana haki yake. Mtu aliyechoka haongozwi kwenye mto akaambiwa kwanza akague maji. Ila nilibaki na swali dogo: hivi hajali kwa kuwa hataki bora, au hajali kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwekea bora mahali ambapo kidole chake kinafika?

Jibu nililipata kwa bahati, kwa kukosea kubonyeza. Nilikuwa natafuta hadithi fulani nikagusa iliyokuwa chini yake, ukurasa wa saba wa matokeo, haina hata picha ya jalada. Wasomaji 43. Nyota hakuna, kwa sababu wapiga kura hawakutosha.

Inahusu dada wawili waliogawana nyumba ya marehemu baba yao kwa ukuta wa katikati, na hawajasemezana miaka sita. Sura ya kwanza nzima, dada mkubwa amelala macho anasikiliza mfereji uliofunguliwa upande wa pili ukimwaga maji mpaka asubuhi. Basi. Hashtuki wala hageuki. Anajiambia si shauri lake, anavuta shuka, anahesabu maji hayo yangejaza ndoo ngapi, anakumbuka nani alikuwa akisahau kufunga mfereji walipokuwa watoto na nani alikuwa akichapwa kwa kosa hilo. Hakuna mstari unaokwambia kwamba ana wasiwasi. Wewe ndiye unayeingiwa na wasiwasi. Nilipomaliza niligundua nimesoma polepole, kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa wiki nyingi. Na hapo hapo nilitaka sura ya pili kuliko nilivyowahi kuitaka sura ya pili ya kitu chochote humo ndani. Nalitaja hili kwa wale wanaodhani maandishi mazuri hayana arosto. Yanayo, tena kali zaidi, kwa sababu unachokingoja unakijali.

Nilimtumia mdogo wangu bila maelezo. Nilijua nikimwambia ni nzuri ataikwepa.

Alipiga simu usiku wa manane. Hakunisalimia. "Hii inaendelea wapi?"

"Umefika wapi?"

"Thelathini na moja. Kesho kazini sijui nitaamkaje. Inaendelea wapi?"

Haiendelei. Sura ya 31 inaishia dada mkubwa amesimama nje ya mlango wa mwenzake, mkono umeinuliwa kubisha hodi, na upande wa ndani mfereji unasikika. Chini yake kuna maelezo mafupi ya mwandishi: hadithi haikufikisha idadi ya wasomaji inayotakiwa ndani ya muda wake, hivyo haitaingizwa kwenye orodha ya kulipwa, na yeye ana majukumu mengine, anawashukuru waliofika hapa. Ilikuwa imeandikwa miezi minane kabla yetu.

Hapo ndipo ninapoilaumu programu kuliko mwandishi yeyote na kuliko msomaji yeyote. Kutoa hadithi kwa vipande hakuna ubaya. Charles Dickens, mwandishi Mwingereza, alianza hivyo mwaka 1836, kitabu cha Pickwick kikitoka kila mwezi katika toleo jembamba. Matoleo ya mwanzo hayakwenda. Yaliuzwa nakala mia kadhaa. Kwenye toleo la nne akaingia mtumishi mmoja mwenye mdomo, Sam Weller, watu wakaanza kuambiana, na kazi ilipofika mwisho mwaka 1837 zilikuwa zikiuzwa nakala karibu 40,000 kwa toleo. Kilichomwokoa ni kwamba kulikuwa na toleo la nne. Kwa kanuni za programu yangu, Sam Weller asingezaliwa. Angekatwa mwezi wa pili, na nafasi yake apewe pacha.

Nimewaandikia watu wa huduma kwa wateja mara mbili. Mara ya kwanza niliomba wawe na wahariri wa kuchagua hata hadithi tano kwa mwezi, ziwekwe mbele bila kujali hesabu, watu wazione tu. Nilijibiwa kwamba maoni yangu ni ya thamani. Mara ya pili nikaomba kitu kidogo zaidi: namna ya kumtumia sarafu mwandishi ambaye hadithi yake imesimamishwa. Nilijibiwa kwamba maoni yangu ni ya thamani, na nikaongezewa sarafu tano ambazo, kwa masharti ya programu, haziwezi kutumika kwenye hadithi isiyolipiwa.

Kama unafikiria kujiunga: ukitaka kitu cha kukusukuma usingizini na huna haja ya kukumbuka kesho, itakutosha, na sura za bure zinatosha pia, maana kumi za mwanzo ndizo zinazoandikwa kwa juhudi. Usinunue sarafu za jumla. Zima arifa zote siku ya kwanza. Ukitafuta, usiangalie orodha ya juu. Shuka ukurasa wa sita, wa saba, kwenye zile zisizo na picha. Nyingi ni mbovu vile vile, lakini ubovu wao ni wa mtu anayejaribu, na unasomeka kwa moyo mwingine.

Juzi niliona mdogo wangu ameshaipa ile ya dada wawili nyota tano. Nilifurahi, kisha nikaona kwenye ukurasa wake kwamba ile ya tajiri wa kukunja uso nayo ameipa tano. Nikamuuliza, hii na ile zote tano?

"Kaka," akaniambia, "ya sita haipo."

Malipo ya mwezi nimeyasitisha. Programu yenyewe sijaifuta, kwa sababu ukiifuta maktaba yako inaondoka nayo, na zile sura 31 sijaziona mahali pengine popote. Wasomaji sasa wamefika 45.